Meza ya Reli kwa Watoto wa Buigiri

Tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai 2024, yamesemwa mengi juu ya mwendo wake, viti vyake na nauli yake. Wapo lakini wananchi ambao treni hiyo kwao ni sauti tu. Katika kijiji cha Buigiri, Wilaya ya Chamwino, iko shule ya msingi ya watoto wasioona, iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Mtoto asiyeona huufahamu mtungi kwa kuupapasa, na mbuzi kwa kumshika pembe na masikio. Treni haipapaswi. Hiyo mpya hupita chini ya waya wenye umeme wa volti 25,000, na ile ya zamani, iliyofika Dodoma mwaka 1910, ni kubwa kiasi kwamba mkono wa mtoto hauvuki hata gurudumu lake.

Njia iliyopo ni kumpa mtoto treni ndogo iliyotengenezwa kwa kipimo cha kweli, aitie mkononi. Katika nchi za Ulaya na Marekani wapo watu wazima wengi wanaojenga reli za namna hiyo kwa kujifurahisha, na kipimo wanachokipenda zaidi ni cha 1 kwa 87. Kwa kipimo hicho reli yetu ya kisasa, yenye upana wa milimita 1,435, hugeuka kuwa milimita 16.5, na reli ya zamani ya mita moja huwa karibu milimita 12. Ukizilaza reli hizo mbili sambamba juu ya ubao mmoja, kidole kinatambua mara moja kwa nini behewa la njia moja haliwezi kupita juu ya njia nyingine. Somo ambalo magazeti yamelieleza kwa kurasa nyingi linakwisha kwa kidole gumba na cha shahada. (Tulitamani kuongeza reli ya TAZARA, lakini inaizidi ile ya mita kwa milimita 67 tu, ukigawa kwa 87 inabaki chini ya milimita moja, na hakuna kidole cha kuisikia.)

Wengi watadhani kazi kubwa ni treni. Treni hununuliwa. Kazi ni meza.

Tunalisema hili kwa kuwa tulikosea. Meza yetu ya kwanza tuliitengeneza Unguja kwa mbao za msonobari na ubao wa vumbi la mbao ulioshindiliwa kwa gundi, miguu minne ya kupigilia misumari, basi. Ilipendeza machoni. Kisha tukamwita mzee mmoja jirani yetu, ambaye haoni tangu ujana wake, aje aijaribu. Aliweka viganja vyote viwili na kuegemea, kama afanyavyo mtu anayesoma kwa mikono, na meza ikayumba. Treni ikatoka relini. Mzee akatuambia kwa upole, "Wanangu, meza hii mmewatengenezea wenye macho." Ndipo tulipofahamu. Mwenye macho husimama kando akatazama, naye hata ukimwekea treni juu ya sanduku la sabuni ataridhika. Asiyeona huileta meza uzito wa mwili wake, na meza inayotikisika humnyima imani ya kuendelea kupapasa.

Msimu wa masika nao ukaja na yake. Ubao ule ulinyonya unyevu ukavimba pembezoni, na reli zikapanda na kushuka kama mawimbi. Ndugu zetu wa Visiwani hawahitaji kuelezwa habari hii. Kila mwenye mlango wa mbao Mjini Unguja anajua miezi ambayo mlango haufungi. Huko Dodoma hali ni kinyume chake. Mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600, upepo wa kiangazi ni mkavu, na ubao uliovimba pwani utasinyaa ukifika huko na kuachia misumari. Meza ya kuvuka bahari na kupanda hadi uwanda wa kati sharti ivumilie hali zote mbili.

Kwa meza ya pili tuliacha mbao nzima tukachukua plaiwudi ya milimita 9. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana, siyo kwa urefu wa nyuzi zake. Na kwa kuwa plaiwudi ni tabaka nyembamba zilizogandishwa kwa kupishana nyuzi, kila tabaka huizuia jirani yake. Tulichana vipande vyenye kimo cha sentimita 8 tukaunda fremu ya urefu wa sentimita 120 na upana wa 45, na ndani yake vipande vya kukatiza kila baada ya sentimita 40. Kila kiungo kina gundi pamoja na skrubu. Misumari tuliiacha kabisa, kwa sababu msumari hulegea kila meza inapopakiwa na kupakuliwa. Mwisho tukapaka vanishi pande zote, na zaidi ya yote zile kingo zilizokatwa, maana ndipo unyevu unapoingilia. Seremala mvivu hupaka juu tu.

Nguvu ya ubao uliosimamishwa kwa ubavu humshangaza asiye fundi. Ubao uleule uliolala ukipinda kwa uzito wa mtoto, ukiusimamisha hautapinda. Linn Westcott, aliyekuwa mhariri wa jarida la Model Railroader la Marekani, aliwafundisha wajenzi wa reli ndogo kugandisha mbao mbili nyembamba kwa pembe ya mraba ili zibebe mzigo wa boriti nene. Sisi tulitumia maarifa hayo kwenye miguu. Kila mguu ni vipande viwili vilivyounganishwa hivyo, umefungwa kwa bolti na nati za masikio zisizohitaji spana, na una kiegemeo cha mshazari kinachorudi hadi katikati ya fremu. Kiegemeo hicho ndicho kilichomaliza kuyumba. Chini ya mguu imo bolti ya kuzungusha, kwa kuwa si kila sakafu ya darasa imenyooka.

Meza ni vipande viwili, na jumla ya urefu ni mita 2.4, ambazo kwa kipimo chetu ni mita 209 za reli ya kweli. Kila kipande pamoja na miguu yake hakizidi kilo kumi. Watu wawili wanakipandisha botini bila ugomvi. Mahali vipande vinapokutana palitupa taabu kuliko pote. Tulitia pini za chuma zinazoingia katika matundu yaliyotobolewa wakati fremu mbili zikiwa zimebanwa pamoja kwa jiliwa, na ncha za reli tukazilehemu juu ya skrubu za shaba zisisogee. Tuliona tumemaliza. Yule mzee akapitisha kidole na kusema, "Hapa pana ngazi." Sisi hatukuiona, tulipoweka rula, ikawa kweli. Tulirekebisha mara tatu kabla hajatikisa kichwa kuafiki.

Umeme ni wa volti 12, wa betri kama ile ya pikipiki, na hauna madhara kwa vidole. Tumeweka fyuzi lakini, kwani waya zikigusana betri yaweza kuunguza. Behewa la reli ya zamani amelichonga seremala kwa mninga, mti wa Tabora usiosinyaa kirahisi.

Maombi yetu kwa wakuu wa elimu, Bara na Zanzibar, si makubwa. Vyuo vya VETA na karakana za ufundi Visiwani vina misumeno, randa na vijana wanaotafuta kazi ya kujifunzia. Meza kama hii yatosha kuwa zoezi la muhula mmoja. Ikipimwa ifuate vipimo vilevile kila mahali, ili kipande cha Unguja kikikutana na kipande cha Dodoma pini ziingie. Na katika kipande cha Unguja tungependa iwekwe ile reli ya Bububu iliyojengwa mwaka 1905 na kuacha kubeba abiria katika miaka ya 1920, ambayo kizazi hiki cha Visiwani hakijapata kuiona.

Meza yetu tunaikusudia Buigiri. Miguu imekwisha fungwa kwa kamba, na skrubu za akiba zimo katika mfuko wa kitambaa chini ya fremu. Iliyobaki ni barua ya ruhusa.