Suleiman Nyambui

Suleiman Nyambui (alizaliwa Majita, Mkoa wa Mara, 13 Februari 1953) ni mwanariadha wa zamani wa Tanzania aliyeshiriki mbio za masafa marefu. Anajulikana hasa kwa medali ya fedha aliyoshinda katika mbio za mita 5,000 kwenye Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1980 mjini Moscow. Medali hiyo, pamoja na ile ya Filbert Bayi katika michezo hiyohiyo, ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata hadi michezo ya Paris ya mwaka 2024.

Asili

Majita iko kando ya Ziwa Viktoria, karibu na mji wa Musoma. Wenyeji wake ni Wajita, ambao kwa desturi ni wavuvi na wakulima. Wakimbiaji wengine mashuhuri wa Tanzania, wakiwemo Filbert Bayi, John Stephen Akhwari na Gidamis Shahanga, walitoka nyanda za juu za kaskazini, upande wa Karatu, Mbulu na Hanang. Nyambui alitoka ufukweni mwa ziwa, kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi tu kutoka usawa wa bahari.

Kususia Montreal

Mwaka 1976 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nyingi za Afrika zilizosusia Olimpiki ya Montreal. Sababu ilikuwa kwamba New Zealand iliruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikuwa ikizuru Afrika Kusini, iliyokuwa chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi. Kwa uamuzi huo Bayi, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, alikosa nafasi ya kupambana na John Walker wa New Zealand, ambaye ndiye aliyetwaa dhahabu. Wanariadha wote wa Tanzania wa kizazi hicho walilazimika kungoja miaka minne mingine.

Masomo na mashindano Marekani

Nyambui alijiunga na Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso, mji ulio mpakani mwa Marekani na Mexico. Chini ya kocha Ted Banks, chuo hicho kiliwapa nafasi za masomo wakimbiaji kadhaa kutoka Afrika Mashariki, akiwemo Mkenya Michael Musyoki. Katika mashindano ya vyuo vya Marekani kila mshindi huiletea timu yake pointi, hivyo mkimbiaji mmoja hodari aliweza kubadili matokeo ya chuo kizima.

Nyambui alishinda mbio za mita 10,000 za vyuo vya Marekani mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Mwaka 1980 alikuwa pia bingwa wa vyuo katika mbio za nyika.

Alifanya vizuri pia katika mbio za ukumbini. Tarehe 6 Februari 1981, katika mashindano ya Millrose mjini New York, alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13:20.4, ikiwa ni rekodi ya dunia ya mbio za ukumbini. Mbio hizo zilifanyika katika ukumbi wa Madison Square Garden, kwenye njia ya mbao ambayo mzunguko wake haukufika mita 150, kwa hiyo mkimbiaji alipaswa kukata kona nyingi kuliko uwanjani.

Olimpiki ya Moscow 1980

Safari hii Marekani ndiyo iliyoongoza ususiaji, kupinga jeshi la Kisovyeti kuingia Afghanistan. Mwezi Februari 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma mwanamasumbwi Muhammad Ali kuzishawishi nchi za Afrika. Alipofika Dar es Salaam, Rais Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika Mkoa wa Mara, alikataa kuonana naye. Kenya ilisusia, Tanzania ikaenda. Hivyo Nyambui, aliyekuwa akisoma Marekani, alikwenda Moscow huku Wamarekani wenzake wa chuoni wakibaki kwao.

Fainali ya mita 5,000 ilikimbiwa tarehe 1 Agosti 1980. Katika mzunguko wa mwisho Miruts Yifter wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda pia mita 10,000, alichomoka kwa kasi ambayo hakuna aliyeweza kuifikia. Matokeo ya nafasi nne za kwanza yalikuwa:

1. Miruts Yifter (Ethiopia) – 13:20.91
2. Suleiman Nyambui (Tanzania) – 13:21.60
3. Kaarlo Maaninka (Ufini) – 13:22.00
4. Eamonn Coghlan (Eire) – 13:22.74

Siku moja kabla, Bayi alikuwa amepata fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji.

Mkenya Henry Rono, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 5,000 tangu 1978, hakuwepo kwa sababu ya ususiaji. Hata hivyo Yifter naye alikuwa ameikosa Montreal kwa sababu kama hiyo, na kumkaribia kwa sekunde 0.69 hakukuwa jambo dogo.

Marathoni

Baadaye Nyambui alihamia mbio za barabarani. Alishinda Marathoni ya Berlin mara mbili: mwaka 1987 kwa saa 2:11:11 na mwaka 1988 kwa saa 2:11:45. Wakati huo Berlin ilikuwa bado imegawanywa na ukuta, na mbio zilifanyika upande wa magharibi.

Baada ya kustaafu

Nyambui aliendelea kuutumikia mchezo wa riadha. Aliwahi kuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la Riadha Tanzania, na pia alifundisha wanariadha nchini Brunei. Watanzania wengine wameng'ara kimataifa baada yake, akiwemo Juma Ikangaa, aliyeshinda Marathoni ya New York mwaka 1989, na Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2025. Lakini tangu siku zile mbili za Moscow, hakuna Mtanzania mwingine aliyepanda jukwaa la washindi wa Olimpiki.