Mlango wa Serikali na Ufunguo Ulioko Saiba

Zamani mwananchi aliyetaka huduma ya serikali alijua mlango wenyewe uko wapi. Aliamka alfajiri, akapanda gari, akapanga foleni nje ya ofisi, na kama karani hakuwapo alirudi kesho yake. Yalikuwa mateso, lakini yalikuwa mateso yenye anwani. Siku hizi mlango huo umehamia ndani ya simu, na ufunguo wake ni neno la siri pamoja na nambari ya muda ambayo hutumwa kwa arafa au kwa barua pepe na kuisha nguvu baada ya dakika chache. Mwenye macho, masikio, vidole vyepesi na laini ya simu ambayo haijapotea huingia bila hata kutambua kwamba amepita mlangoni. Aliyekosa kimojawapo cha hivyo ndiye anayekijua kizingiti.

Mtandao wa eCitizen ulizinduliwa mwaka wa 2014 ukiwa na huduma chache. Tarehe 30 Juni 2023 Rais William Ruto alitangaza kwamba huduma 5,000 zimeingizwa humo, na programu ya simu iliyopewa jina la Gava Mkononi ikazinduliwa siku iyo hiyo. Miongoni mwa ofisi zilizohamia humo ni Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD). Mtu anayetaka kupimwa ulemavu wake hospitalini, kusajiliwa na kupata kadi ya Baraza hilo, huanza safari yake kwa kufungua akaunti ya eCitizen. Bila kadi hiyo ni vigumu kuomba karo ya mtoto, vifaa vya kumsaidia mtu kutembea au kusikia, au msamaha wa kodi ambao huondoa ushuru katika Sh150,000 za kwanza za mapato ya kila mwezi.

Yafaa tuwe waadilifu. Mfumo wa zamani haukuwa pepo. Ripoti ya daktari ilipaswa kutiwa sahihi na Mkurugenzi wa Huduma za Matibabu katika jumba la Afya House, Nairobi, na mtu wa Lodwar au Wajir aliyekatwa mguu alilazimika ama kuisafirisha karatasi hiyo ama kuisafiri mwenyewe. Hapana shaka kompyuta imefupisha njia hiyo, na anayetaka turudi kwenye mafaili ya kamba hatutakii mema. Shida imebakia penye jambo dogo ambalo wakubwa wa wizara hawalitilii maanani, nalo ni hili: akaunti ikikataa kufunguka, mwenyewe aende wapi?

Hebu tuitazame Dagoretti Corner, pale Barabara ya Ngong inapokutana na ile ya Naivasha. Pana maseremala wanaoanika vitanda na makochi kando ya lami, pana makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa, pana magari yanayoita abiria wa Ngong, Karen, Riruta na Kawangware. Pana pia vibanda vya M-Pesa na saiba zisizohesabika, na nyingi kati ya hizo zimepanda ghorofa ya kwanza kwa kuwa kodi ya chini ni ghali. Mwenye kiti cha magurudumu huita jina la mhudumu akiwa barabarani, na mhudumu huteremka kuchukua kitambulisho. Hapo kitambulisho cha mtu kinapopanda ngazi na mwenyewe akabaki chini ndipo kisa chetu kinapoanzia.

Mhudumu ana haraka, kwani nyuma kuna wanaotaka picha za pasipoti na wengine wanaojaza fomu za kodi. Mteja hana barua pepe, basi mhudumu anamfungulia moja papo hapo, au anatumia yake mwenyewe. Neno la siri analibuni yeye, mara nyingi lile lile analowapa wateja wote ili asilisahau. Nambari ya simu huenda ikawa ya mteja, na huenda ikawa ya mpwa wake aliyemsindikiza. Ombi linatumwa, malipo yanatolewa, watu wanaagana kwa shukrani. Miezi minane baadaye Baraza linamwandikia mtu huyo kwamba hati fulani haikuonekana vizuri, aiweke upya, na ujumbe huo unakwenda kwenye barua pepe ambayo hajawahi kuifungua maishani mwake. Akirudi anakuta saiba imegeuka duka la nguo za watoto, na kijana yule amehamia Rongai au Qatar, hakuna anayejua.

Sitamlaumu kijana huyo. Kwa watu wengi wa mitaa hii ndiye afisa pekee wa serikali wanayemfikia, ingawa serikali haimjui wala haimlipi. Anajaza fomu za kipofu, anamwandikia kiziwi, anamsomea mzee asiyejua kusoma, na bei yake ni nafuu kuliko nauli ya kwenda mjini na kurudi. Lakini yafaa tujue kilichomo katika akaunti aliyoishika. Humo mna jina kamili la mtu, nambari ya kitambulisho na picha yake, na mna njia ya kuifikia ripoti ya matibabu inayoeleza ulemavu ulivyo na ulivyotokea. Akaunti iyo hiyo hutumika kuomba pasipoti, leseni ya udereva na kusajili biashara. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inaihesabu habari ya afya ya mtu kuwa data nyeti inayohitaji ulinzi wa pekee. Sheria hiyo ni nzuri, ila haikumwazia mtu ambaye neno lake la siri limeandikwa kwa kalamu katika daftari la saiba, ukurasa mmoja na majina ya watu arubaini.

Aliye na simu yake mwenyewe naye hajaokoka. Simu nyingi za kisasa zina sauti inayomsomea kipofu maandishi ya kioo, tena bila malipo. Sauti hiyo husoma vizuri pale ambapo aliyetengeneza ukurasa alikumbuka kukipa kila kitufe jina. Asipokumbuka, kipofu husikia "kitufe, kitufe, kitufe" kama kasuku aliyefundishwa neno moja. Nambari ya muda ikifika, sharti aondoke kwenye ukurasa, aende kwenye arafa, aisikilize, aikariri, arudi, na wakati huo saa inakimbia. Mwenye mikono inayotetemeka huandika tarakimu moja mara mbili. Akikosea mara kadhaa, mtambo humdhania kuwa mwizi ukamfungia. Kisha ukurasa humshauri kwa upole apige simu kwa kituo cha huduma kwa wateja, na ushauri huo huo hupewa kiziwi!

Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakenya 916,692 wenye ulemavu, kuanzia umri wa miaka mitano, yaani asilimia 2.2. Wataalamu wengi huiona hesabu hiyo kuwa ndogo. Hata tukiichukua kama ilivyo, ni watu wa kujaza miji kadhaa. Na haki yao haikusahauliwa katika maandishi. Kenya iliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka wa 2008, na kifungu chake cha 9 kinaitaja intaneti waziwazi. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali na habari, na ya kutumia Lugha ya Ishara, breli au njia nyingine inayomfaa. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilitoa mwaka wa 2022 kiwango kinachoeleza jinsi kurasa za mtandao na programu zinavyopaswa kutengenezwa ili kila mtu azitumie. Mei 2025 Rais akatia sahihi Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, nayo ikachukua nafasi ya ile ya 2003. Karatasi tunazo.

Tena tuliwahi kuona kwamba serikali ikitaka huweza kuuzunguka mtambo. Mwishoni mwa Julai 2023 wavamizi wa mtandaoni waliishambulia eCitizen, na kwa siku kadhaa huduma nyingi zikayumba. Wageni waliokuwa safarini kuja Kenya hawakuweza kupata viza mtandaoni. Je, waliambiwa wasubiri? La. Serikali ilitangaza kwamba watapewa viza wakifika uwanja wa ndege, na binadamu aliye nyuma ya meza. Uamuzi huo ulikuwa wa busara na sina haja ya kuukejeli. Nauliza tu kwa nini mlango wa namna hiyo usifunguliwe kwa mwananchi ambaye kwake mtambo huharibika kila siku, si kwa siku chache za Julai.

Kabla ya hayo kutendeka, msomaji ambaye akaunti yake imemfungia, au anayemsaidia mzazi ama jirani, na azingatie machache. Kwanza ajue kilichofunga. Neno la siri likiwa limesahauliwa lakini barua pepe ni yake, dawa yake i pale pale ukurasani, naye atatumiwa njia ya kuandika jipya. Laini ikiwa imepotea, asihangaike na eCitizen kabla ya kwenda kwa kampuni ya simu na kitambulisho kurejeshewa nambari ile ile, maana laini iliyonyamaza kwa miezi mingi huweza kuuzwa kwa mtu mwingine, na hapo nambari za siri za mtu huanza kuingia katika simu ya asiyemjua. Ni vyema pia kubonyeza *106# kuona ni laini zipi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Wengine hugundua hapo kwamba laini waliyoizoea imeandikwa jina la shemeji.

Asijaribu kufungua akaunti ya pili. Akaunti hufungamana na nambari ya kitambulisho, na mtambo utamwambia kuwa tayari amesajiliwa. Majina yakikataa kulingana, achunguze yalivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, kwa kuwa mtambo huyalinganisha na yale ya daftari la serikali la usajili wa watu. Wanjiku aliyeandikwa Wanjiko na karani mwaka wa 1988 ni Wanjiko mbele ya kompyuta. Anwani ya tovuti ya serikali huishia kwa .go.ke, na inayoishia kwingine isiguswe. Barua pepe nayo, hata kama itafunguliwa na mtu mwingine, ifunguliwe katika simu ya mwenyewe, na neno la siri alichague yeye. Na siku akibahatika kuingia, asitoke kabla ya kuhakikisha kwamba simu na barua pepe zilizoandikwa mle ni zake. Akumbuke vilevile kuwa msamaha wa kodi huombwa kupitia iTax, mtandao wa Mamlaka ya Ushuru (KRA), wenye neno la siri lake. Kuufungua mlango wa kwanza si kuufungua wa pili.

Yote hayo yakishindikana, iko Huduma Centre. Cha kwanza kilifunguliwa mwaka wa 2013 katika jumba la Posta, Nairobi, na mtu wa Dagoretti Corner anaweza kupanda gari la 111 hadi mjini au akaelekea kile cha Kibra. Aende na kitambulisho cha asili, simu yenye laini yake, na kadi ya Baraza kama anayo.

Vituo hivyo ndivyo ninavyoviomba viongezewe nguvu. Pawe na meza moja ambayo afisa wake ana mamlaka ya kumthibitisha mtu ana kwa ana na kumbadilishia simu na barua pepe papo hapo, bila kumwambia asubiri jibu la barua aliyoandika kwa anwani asiyoijua. Asiye na vidole asilazimishwe alama za vidole. Mkalimani wa lugha ya ishara, hata kama ni mmoja kwa nchi nzima, aweza kuonekana kupitia simu ya video katika kila kituo. Usajili wa bima mpya ya afya, SHA, ulipoanza mwaka wa 2024, watu waliweza kujiandikisha kwa kubonyeza *147# hata kwa kabambe isiyo na intaneti. Sioni kwa nini mtu mwenye ulemavu asiulizie hali ya ombi lake kwa njia kama hiyo.

Na kwa kuwa wapo ambao daima watahitaji mkono wa mwingine, mtambo umtambue msaidizi. Mama wa kijana mwenye ulemavu wa akili, au mpwa wa kipofu, aandikishwe kwa jina lake na kitambulisho chake, aingie kwa neno lake la siri, afanye yale tu aliyoruhusiwa, na kila alichokigusa kibaki kimeandikwa. Mabenki huwaruhusu watu wawili kutia sahihi kwenye akaunti moja, na jambo hilo halijawahi kuhitaji daftari la saiba. Siku uhusiano ukiharibika, mwenye akaunti amwondoe msaidizi huyo katika meza ile ile ya Huduma Centre, bila kulazimika kwanza kumwomba neno la siri.