CHUMA KILICHOFICHIKA NDANI YA MAGOGO, NA MAPATANO YA KUPASUA MBAO

Karatasi hii ni kwa wakulima wa Manchira na sehemu zilizo jirani katika wilaya za Serengeti na Tarime: wale walio na miti mikubwa mashambani mwao, na wale walio na misumeno, wapasuao magogo ya wenzao kwa malipo. Mara nyingi watu hawa wawili ni majirani, na pengine ni ndugu. Mmoja huleta gogo, mwingine hulipasua, kisha hulipana fedha au hugawana mbao. Kazi hii ni njema, illa ina jambo moja livunjalo misumeno na kuharibu ujirani, nalo ni chuma kilichomo ndani ya mti, ambacho hapana akionaye mpaka msumeno umekwisha kukigonga.

Hapo ndipo maneno huanza. Mwenye msumeno husema, "Gogo lako limeniharibia chombo." Mwenye gogo hujibu, "Mimi nilikuletea mti, sikukuletea msumari." Wote wawili wasema kweli, na kwa sababu hiyo shauri lao haliishi. Yafaa shauri hili limalizwe kabla msumeno haujawashwa.

Jinsi chuma kiingiavyo mtini

Mti hunenepa chini ya gome lake. Kila mwaka huongeza tabaka jipya juu ya lile la zamani, kama mtu avaaye kanzu juu ya kanzu. Msumari uliopigwa leo hukaa mahali pale pale. Mti ndio uumezao. Mgrivea uliostawi waweza kuongeza robo ya inchi kila upande kwa mwaka. Basi msumari uliopigwa miaka 12 iliyopita waweza kuwa inchi 3 ndani, na gome limekwisha kufunga juu yake.

Watu wengi hudhani ya kuwa msumari hupanda juu kadiri mti urefukavyo. Sivyo. Mti hurefuka katika ncha zake tu. Msumari uliopigwa usawa wa kifua cha mtu utakaa usawa huo huo hata mti ufikapo futi 80. Kwa hiyo mahali pa hatari kubwa ni futi 6 au 7 za chini, napo ndipo penye gogo nene na mbao pana ambazo mwenye mti azitamani kuliko zote.

Vyuma vyenyewe ni vya namna nyingi. Mti wa uani hupigwa misumari ya kuanikia nguo, na mti wa njia panda hupigwa misumari ya mabango. Mti wa shule hufungwa waya wa kutundikia rimu ya gari iliyo badala ya kengele. Penye boma la ng'ombe, miti hai hutumiwa badala ya nguzo, na seng'enge hupigiliwa juu yake; miaka ikipita seng'enge hukatika pande zote mbili, na kipande cha katikati hubaki ndani bila mtu kukikumbuka. Wenye mizinga ya nyuki nao hufunga waya matawini.

Lakini katika nchi hii ya Manchira, iliyo karibu na Mbuga ya Taifa ya Serengeti, kuna chuma kingine ambacho wapasua mbao wa mikoa mingine hawakijui sana, nacho ni waya wa mtego. Wategaji wa nyumbu na swala hufunga waya shinani mwa mti, na mtego usipotolewa, mti huumeza. Waya nyingine hutolewa katika tairi kuukuu zilizochomwa moto, nazo ni za chuma cha pua, kigumu kuliko msumari wa kawaida. Isitoshe, waya huzunguka mti mzima, wala hauna upande ulio salama. Hapana mtu atakayekuambia, "Hapo nilitega mimi," kwa kuwa kutega wanyama ni kosa la sheria. Basi gogo lililotoka katika pori lililo karibu na mpaka wa mbuga litazamwe kwa hadhari iliyo kubwa zaidi, hata kama mwenyewe ni mtu mwaminifu.

Risasi nazo zimo. Baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979, bunduki zilienea katika sehemu za Tarime, na wizi wa ng'ombe uliokuwa ukifanywa kwa mishale ukafanywa kwa bunduki. Risasi laini hukatwa na msumeno bila hasara kubwa, lakini ile yenye kiini cha chuma cha pua huvunja meno. Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Ufaransa, misitu iliyopiganiwa katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, kuzunguka Verdun na katika milima ya Vosges, imebaki na vipande vya mizinga ndani ya miti, na magogo yake huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu hiyo, ingawa miaka zaidi ya 100 imekwisha kupita.

Jinsi ya kukitafuta

Kwanza tumia macho. Zunguka gogo lote, ligeuze, ulitazame na chini. Tafuta kovu lifananalo na mdomo uliofumba, kidonda kilichovimba, au uvimbe uliozunguka mti kama mshipi. Huo mshipi ni dalili ya waya. Kisha tazama vichwa vya gogo vilivyokatwa upya. Chuma kikikutana na maji ya mti hutia doa jeusi lenye rangi ya samawati, nalo doa hupanda na kushuka kwa kufuata nyuzi za mti, pengine futi moja au zaidi kutoka mahali pa chuma. Ukiona doa hilo, usiulize tena kama chuma kimo; uliza kiko wapi.

Gome litolewe kwa shoka katika njia zitakazopitwa na msumeno. Kazi hii huchukua nusu saa, nayo huondoa pia mchanga na vijiwe vilivyonaswa gogo lilipokuwa likiburutwa, ambavyo hufisha makali ya msumeno kila siku ijapokuwa hapana avitiliaye maanani.

Sumaku iliyotolewa katika redio mbovu husaidia, lakini kwa chuma kilicho karibu na uso tu. Shaba na risasi haivitambui kabisa. Chombo cha umeme cha kutambua madini, mfano wa kile kitumiwacho na watafuta dhahabu, ni bora zaidi. Ghali yake si ndogo, lakini wapasuaji watatu au wanne wakishirikiana waweza kununua kimoja. Kipitishwe polepole pande zote nne za gogo, na kila kipigapo kelele patiwe alama ya chaki. Hata hivyo hakioni mbali sana ndani ya gogo nene. Kwa hiyo kipitishwe tena kila baada ya kutoa banzi.

Mvule una hila yake. Ndani yake huweza kuwamo jiwe jeupe lililofanyizwa na mti wenyewe, gumu kabisa, na hapana sumaku wala chombo kiwezacho kulitambua. Katika mapatano, basi, isiandikwe "chuma" peke yake, bali "kitu kigumu cho chote".

Chuma kikipatikana, kichimbuliwe kwa patasi mpaka kichwa kionekane, kisha king'olewe. Kama kimezama mno, geuza gogo ili kiangukie katika banzi la nje. Na kama ni mti wa uani wenye misumari mingi, shauri letu ni kukata futi 4 za chini na kuziacha ziwe kuni. Mwenye mti atasikitika, lakini asikitike mapema.

Wakati wa kupasua

Zamani, gogo lilipopasuliwa juu ya shimo kwa msumeno wa watu wawili, yule wa juu alisikia chuma mkononi, wakasimama, na jino lililopinda likanolewa kwa tupa. Msumeno wa injini hauna subira hiyo. Ncha ngumu za msumeno wa duara huruka kama risasi, na mnyororo huweza kukatika na kumrudia aushikaye. Katika mwezi wa Mei 1987, katika kiwanda cha mbao cha Cloverdale, California, msumeno wa mkanda uligonga msumari mkubwa uliokuwa ndani ya gogo. Msumeno ukakatika na kumpiga kijana aliyekuwa kazini, ukamvunja taya. Kiwanda kile kilikuwa na kinga nyingi kuliko kivuli cha mwembe ambacho wengi wetu hufanyia kazi chini yake.

Kwa hiyo, sauti ibadilikapo, au cheche zionekanapo, au unga wa mbao ugeukapo mweusi, zima injini mara moja. Usilazimishe msumeno upite kwa kuwa "umebaki kidogo". Usitie mkono kabla meno hayajasimama kabisa. Vaa kinga ya macho, usisimame katika mstari wa msumeno, na watoto wafukuzwe nyuma ya mashine, maana huko ndiko vipande huenda.

Mapatano

Kumwuliza mwenye gogo, "Je, mna msumari humu?" hakufai kitu. Kila mtu atajibu hamna, tena kwa moyo safi. Yafaa kuuliza habari za mti wenyewe. "Mzee wangu, mti huu ulisimama wapi?" "Ulisimama nyuma ya nyumba, mura, ile ya marehemu baba." "Ng'ombe walilala upande gani?" "Pale pale, ulikuwa ndio mlango wa boma." Hapo umekwisha kupata jibu, wala mzee hakuona ya kuwa anashukiwa.

Juu ya nani alipe hasara, desturi za wapasuaji hazilingani. Wengine hudai mwenye gogo alipe yote. Wengine huona haya kudai kwa jirani, wakameza hasara, kisha wakapandisha bei kwa watu wote. Sisi twaona haki ni hii. Ikiwa mwenye gogo alijua akaficha, alipe yote. Ikiwa mpasuaji aliona kovu au doa akapita bila kuchimbua, hasara ni yake. Ikiwa wote wawili walitazama vema na hawakuona, wagawane nusu kwa nusu. Kila chuma kitolewacho kihifadhiwe na kuonyeshwa mwenye gogo siku ile ile, kwa kuwa chuma kionyeshwacho baada ya juma moja huleta shaka.

Maneno haya yaandikwe, hata katika karatasi ya daftari, na mtu mmoja wa tatu aweke sahihi. Mwenyekiti wa kitongoji afaa. Yatosha kuandika hivi: "Gogo hili tumelitazama sote wawili. Likikutwa na kitu kigumu kisichoonekana, bei ya kunoa au ya mnyororo mpya tutagawana nusu kwa nusu. Mpasuaji ana ruhusa kuacha kazi akiona hatari, naye atalipwa kwa mbao alizokwisha kupasua. Mabanzi ni ya fulani." Neno la mabanzi lisisahauliwe, kwa sababu ugomvi wa kuni huwa mkali kuliko ugomvi wa mbao.

Wengi wa wateja wasumbufu si watu wabaya; ni watu ambao hawakuelezwa hesabu. Mtu huleta gogo lililochongwa mraba wa inchi 12, akitazamia mbao 12 za inchi moja. Apewapo 9, husema ameibiwa. Lakini mnyororo hula karibu inchi tatu kwa nane kila upitapo. Mbao 9 zahitaji mapito 8 kati yake. Mapito 8 hula inchi 3. 9 na 3 ni 12. Msumeno mwembamba wa mkanda, ulao sehemu moja ya 16 ya inchi, ungempa mbao 11. Mwonyeshe hesabu hii kwa kijiti mchangani kabla ya kuanza, kisha mhesabu mbao pamoja kabla hazijapakiwa.

Kuna mteja mmoja ambaye hupaswi kupatana naye kamwe, yaani yule aletaye gogo usiku, asitake kusema limetoka wapi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yataka kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia, na gogo lisilo halali likikutwa kwako, mashine yako yaweza kukamatwa. Penye shaka, Afisa Misitu yuko Mugumu.

Kwa wale wapandao miti sasa

Tundikeni vitu kwa kamba ya katani, si kwa msumari, nayo kamba ifunguliwe kila mwaka isije ikakaba mti. Seng'enge ipigwe juu ya nguzo kavu. Ikiwa hapana budi kupiga kitu juu ya mti hai, tumieni msumari wa alumini, ambao ni laini na msumeno huukata bila kuvunjika. Wenye misitu huutumia kwa kubandika namba.

Mbao zilizotiwa doa jeusi hazijaoza wala hazina udhaifu, mradi tundu la msumari lisiwe mahali pa kubeba uzito. Mwenye gogo asizikatae, na mpasuaji asizihesabu kuwa zimeharibika ili azichukue yeye. Zafaa kwa kenchi na kwa papi za paa, mahali ambapo hapana atazamaye rangi.