Angalia P Zako na Q Zako

Somo: Ruthu 2:1-4, Luka 17:11-19



Wengi wetu tuliosoma Kiingereza tuliwahi kuusikia msemo huu wa Waingereza: "Angalia P zako na Q zako." Tulijua kwamba tunaonywa tuwe na adabu, hasa katika kusema. Lakini herufi hizo mbili zinafanya nini hapo? Kiswahili hakina Q, wala Ekegusii haina. Basi leo tuuchunguze msemo huu, kisha tuuweke mbele ya Neno la Mungu.

Waingereza wenyewe hawakubaliani juu ya asili yake. Wengine husema ulitoka katika vilabu vya pombe, ambako deni la mnywaji liliandikwa kwa vipimo viwili, kimoja kikianza na P na kingine na Q. Wengine husema ulitoka kwa wapiga chapa. Herufi zao za risasi zilikuwa za kinyume, kama zionekanavyo katika kioo, na p ndogo ikigeuzwa hivyo huwa q. Mwanagenzi asiyeangalia aliharibu ukurasa. Wengine tena husema P ni "plizi", na Q ni mlio wa mwisho wa "thenkyu". Hata kama hiyo siyo asili yake, ndiyo maana ambayo watu wengi wanaishika leo: jua kuomba, na jua kushukuru.

Sisi nasi tuna maneno hayo, na yana uzito. "Tafadhali" lilitoka katika Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno "fadhili". Asemaye tafadhali anakiri kwamba anaomba fadhili, hadai haki yake. "Asante" nalo lilitoka huko huko, na maana yake ni "umetenda vema". Asemaye asante anashuhudia wema wa mwenzake. Wakoma kumi walitakaswa, lakini aliyerudi kushukuru ni mmoja tu, naye alikuwa Msamaria, mgeni aliyedharauliwa. Bwana aliuliza waliko wale tisa. Naam, anahesabu asante zisizosemwa.

Wazee wetu wa Gusii hawakungoja msemo wa Kiingereza ili wawe na adabu. Walifundisha watoto wao chinsoni, yaani kanuni za heshima na haya: namna ya kukaa na kusema mbele ya mzazi na mbele ya mkwe. Hata leo hapa Mosocho mwanamke wa rika la mama zetu tunamwita "baba", na mwanamume wa rika la baba zetu tunamwita "tata", ingawa hatukuzaliwa nao. Mgeni hushangaa kusikia mwanamke akiitwa baba, lakini katika lugha yetu neno hilo ni mama.

Sasa tutazame jambo moja zito. Mwaka 1905, na tena mwaka 1908, majeshi ya serikali ya Waingereza yalikuja Gusii na bunduki, wala hayakuja na tafadhali. Katika miaka iliyofuata, mzee mwenye wajukuu aliyefanya kazi katika nyumba ya Mzungu aliitwa "boi", yaani mvulana. Mezani palikuwa na P na Q. Jikoni hapakuwa nazo. Hatusemi haya ili kufufua chuki. Twasema kwa sababu dhambi hiyo haikuondoka pamoja na bendera yao mwaka 1963.

Hebu tujisikilize. Tukiingia hotelini twasema, "Leta chai, haraka!" wakati ambapo "Naomba chai" haina gharama yoyote. Msichana anayetufulia nguo twamwita "Wewe!" ingawa ana jina la ubatizo. Mama auzaye mboga sokoni twamkemea kwa ajili ya shilingi tano. Lakini akija mbunge, au askofu, midomo ile ile hujaa tafadhali na asante. Yakobo katika mlango wa pili alilikemea kanisa lililompa tajiri kiti kizuri na kumsimamisha maskini. Adabu iendayo juu tu ni woga, au ni kujipendekeza.

Mtazameni Boazi. Alikuwa mwenye shamba na mwenye mali. Alipofika kutoka Bethlehemu hakungoja wavunaji wamwamkie. Yeye ndiye aliyetangulia kuwasalimu, tena kwa jina la Bwana, nao wakamjibu kwa baraka. Katika shamba la namna hiyo Ruthu, mjane na mgeni kutoka Moabu, alipata mahali pa kuokota masazo bila kutukanwa.

Ndugu, juma hili tuanze na yule asiyeweza kutulipa wala kutudhuru: mchuma majani chai, kibarua, mtoto wa jirani. Tumsalimu kwanza. Tumwite kwa jina lake. Akikosa, tumwonye bila kumvunjia heshima, maana adabu haizuii kusema kweli.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyesema nasi kwa upole tulipokuwa wakosaji, linda ulimi wetu mbele ya wadogo kama mbele ya wakubwa. Utupe moyo wa yule mmoja aliyerudi. Amina.