Geji Iliyokwama Buncefield

Tangi la wima la kuhifadhia petroli, ambalo huundwa kwa mabamba ya chuma yaliyochomelewa na kusimamishwa juu ya ardhi badala ya kufukiwa, huonekana imara kama ngome, ilhali usalama wake hutegemea sana vifaa vidogo vinavyopima kimo cha mafuta. Hilo lilidhihirika katika bohari ya Buncefield, karibu na mji wa Hemel Hempstead nchini Uingereza, usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 11 Desemba 2005, tangi namba 912 lilipokuwa likijazwa kwa bomba.

Yapata saa tisa usiku, geji, yaani kifaa kinachowaonyesha waangalizi kimo cha mafuta, ilikwama na kuonyesha kimo kilekile ingawa petroli ilizidi kupanda. Ilibaki kinga ya pili, swichi ya kujitegemea iliyopaswa kusimamisha ujazaji mafuta yafikapo ukomo. Lakini wenzo wake wa majaribio ulihitaji kufuli ili ukae mahali pake, na kwa kuwa kufuli hiyo haikuwekwa, swichi haikufanya kazi. Linalosikitisha zaidi ni kwamba geji hiyo ilikuwa imekwama mara 14 tangu mwishoni mwa Agosti, na bado tangi liliendelea kutumika.

Petroli ilipofurika kutoka paani, iligonga ukingo wa chuma unaoimarisha tangi dhidi ya upepo, ikatawanyika kuwa matone na kugeuka mvuke upesi. Mvuke huo, ambao ni mzito kuliko hewa, haukupaa bali ulitambaa chini hadi nje ya bohari, ukalipuka saa 12:01 asubuhi. Watu 43 walijeruhiwa na matangi zaidi ya 20 yakashika moto. Kwamba hakuna aliyefariki kulitokana kwa kiasi kikubwa na ofisi za jirani kuwa tupu alfajiri hiyo. Hata kuta za zege zinazozunguka matangi ili kuzuia mafuta yaliyomwagika zilivuja kwenye maungio, na mafuta pamoja na povu la kuzimia moto vikachafua maji ya ardhini.

Kwa funzo hilo, wakazi wa jirani na bohari za mafuta za Kurasini na Kigamboni jijini Dar es Salaam, au Changamwe mjini Mombasa, wana haki ya kuuliza swichi za kuzuia kufurika zilijaribiwa lini mara ya mwisho, na ni nani aliyetia saini.