Kinga ya Mwili Dhidi ya Malaria: Mtazamo Kutoka Doldol

Utangulizi

Mkaazi wa Doldol, mji mdogo ulio kaskazini ya Nanyuki katika Kaunti ya Laikipia, anaposafiri kwenda Kilifi au Kisumu, huenda na mwili wenye afya lakini usiomjua adui. Nyanda za juu za kati, kutoka Nyeri hadi Laikipia, huhesabiwa miongoni mwa sehemu zenye hatari ndogo ya malaria. Makala haya yananuia kueleza jinsi mwili unavyopambana na vimelea vya ugonjwa huu, na kwa nini utulivu wa nyanda hizo ni neema yenye gharama.

Safari ya Vimelea

Vimelea hatari zaidi nchini Kenya ni Plasmodium falciparum. Mbu jike wa jamii ya Anopheles huviingiza mwilini pamoja na mate yake. Punde si punde hujificha katika ini, ambamo huzaana kwa takriban wiki moja bila mtu kuhisi lolote. Kisha hutoka kwa maelfu na kuvamia chembechembe nyekundu za damu. Kila baada ya saa 48 hivi, chembechembe zilizovamiwa hupasuka na kumwaga vimelea vipya.

Mapambano

Kikosi cha kwanza ni kinga ya kuzaliwa nayo. Chembechembe nyeupe humeza vimelea na kutoa kemikali za kuuamsha mwili. Kemikali hizo ndizo ziletazo joto na mtetemeko. Kwa hiyo homa, neno ambalo wengi hulitumia kuutaja ugonjwa wenyewe, kwa hakika ni jibu la mwili. Bandama nalo huchuja damu na kuondoa chembechembe zilizovamiwa.

Kikosi cha pili ni kile kinachojifunza. Hiki hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazomtambua adui na kumnata. Mwaka 1961, Cohen na McGregor walionyesha kwamba kingamwili kutoka damu ya watu wazima wa Gambia zilipunguza vimelea katika damu ya watoto wagonjwa.

Iweje basi malaria irudi? Adui huyu hubadilisha vazi. Ana jeni zipatazo 60 za kuunda protini anayoipachika juu ya chembechembe aliyoivamia. Kingamwili zikilitambua vazi moja, vimelea wengine wamekwisha kuvaa jingine. Isitoshe, protini hiyo huzinatisha chembechembe kwenye kuta za mishipa ili zisipite katika bandama. Ndiyo maana kinga hujengeka polepole, kwa maambukizi ya miaka mingi. Haikamiliki, na hufifia mtu akihama.

Ushahidi wa Damu

Mwaka 1949, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenda Mlima Kenya, akakusanya damu ya watu wa jamii mbalimbali. Alibaini kwamba jeni ya selimundu ilikuwa nyingi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini nadra katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga kiasi dhidi ya malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu.

Hitimisho

Chanjo ya RTS,S, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2019 na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, huufunza mwili kuwatambua vimelea kabla hawajaingia katika ini. Hata hivyo, hiyo ni ya watoto. Mtu mzima wa Doldol hana budi kutegemea chandarua, dawa za kukinga kwa ushauri wa daktari, na kupimwa mapema. Kwa kuwa vimelea hukaa kimya katika ini, huenda akaugua baada ya kurejea nyumbani, mahali ambapo malaria haishukiwi haraka. Basi na amweleze daktari alikotoka. Tahadhari kabla ya hatari.