Sentensi Mbili Ndani ya Nukta Moja

Sentensi ya Kiingereza huharibika pale vishazi huru viwili vinapowekwa bega kwa bega bila kiunganishi wala alama inayofaa ya kuvitenga. Kishazi huru ni kile chenye kiima na kitenzi chake, kinachoweza kusimama peke yake kikaeleweka. Mwanafunzi wa Mokowe, katika kaunti ya Lamu nchini Kenya, akiandika “The tide was low the boat could not leave”, ameandika sentensi mbili na kuzipa nukta moja. Akitia koma baada ya “low”, kosa litabaki palepale, kwa sababu koma ya Kiingereza peke yake haina nguvu ya kushika sentensi mbili pamoja.

Wengi hudhani kosa hili ni la sentensi ndefu. Sivyo. “It rained we stayed” ina maneno manne tu na tayari imekosewa, ilhali sentensi ya mistari mitano yaweza kuwa sahihi kabisa, mradi kila kishazi kimeungwa na mwenzake ipasavyo.

Katika visiwa vya Lamu, chanzo kikubwa cha kosa hili ni umahiri wa mwanafunzi katika Kiswahili. Ripoti ya Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza watoto wa madarasa matatu ya kwanza nchini Kenya wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na Kiingereza kichukue nafasi hiyo kuanzia darasa la nne. Kufikia hapo, mtoto wa Faza au Siu amekwisha kuwa msimulizi hodari katika lahaja ya kwao. Anajua kusema: “Nilifika Mokowe, nikapanda boti, nikavuka, nikashuka Lamu.” Vitenzi ni vinne, koma tatu, na hakuna kiunganishi hata kimoja. Mwalimu wa Kiswahili hatapitisha kalamu nyekundu hapo, kwa kuwa kiambishi -ka- kimefanya kazi yote ya kuunganisha kikiwa ndani ya kitenzi: kinaonyesha kwamba tendo hili limefuata lile.

Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Mwanafunzi anapohamisha masimulizi yake, -ka- hupotea njiani na koma zikabaki: “I reached Mokowe, I boarded a boat, I crossed, I got off at Lamu.” Dawa yake ni nyepesi. Kiima kikiwa ni kilekile, kitajwe mara moja tu, kisha “and” iwekwe kabla ya kitenzi cha mwisho: “I reached Mokowe, boarded a boat, crossed and got off at Lamu.” Jambo hili humwia gumu mzungumzaji wa Kiswahili, kwani kwake karibu kila kitenzi hubeba kiambishi cha mtendaji, na kukiacha kitenzi bila mtendaji ni kama kukivua nguo.

Hata pasipo -ka-, Kiswahili kinaruhusu kauli mbili kukaa pamoja na msomaji akajua zinavyohusiana. “Mvua ilinyesha, hatukutoka” haimtatizi mtu. Kiingereza hudai uhusiano huo utajwe.

Uandishi wa kale wa Lamu nao haukuitegemea nukta. Muhamadi Kijuma, malenga na mwandishi wa Lamu aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi kwa hati za Kiarabu, nyingine kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner na William Hichens, na baadhi ya kazi zake zimehifadhiwa SOAS, London. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane, na kina ndicho kinachoashiria kwamba kipande kimekwisha. Mwisho wa kauli ulisikika sikioni. Mwanafunzi wa leo hakurithi kosa lake kwa Kijuma, la hasha. Ila ni vyema kukumbuka kwamba nukta ni njia mojawapo tu ya kuonyesha mwisho, na nathari ya Kiingereza, isiyo na vina wala -ka-, haina budi kuitegemea.

Mtego mwingine umo katika maneno kama “then”, “therefore” na “however”. Kwa kuwa “kisha”, “hivyo” na “hata hivyo” huunganisha vishazi bila taabu, mwanafunzi huandika “The jetty was full, therefore we waited” akiamini amemaliza kazi. Hajamaliza. Viunganishi vinavyoweza kufuata koma na kuunga vishazi huru viwili ni saba tu: “and”, “but”, “or”, “nor”, “for”, “so” na “yet”. Maneno kama “therefore” yanataka nukta au nuktamkato kabla yake.

Kulitambua kosa ni kazi nyingine. Mwaka 1991 mtaalamu wa Marekani, Rei Noguchi, alipendekeza sentensi igeuzwe kuwa swali la ndiyo au la. “Was the tide low the boat could not leave?” haikubali, kwa hiyo ndani yake mna sentensi mbili. Jaribio hilo ni zuri kwa aliyezaliwa na Kiingereza, kwa sababu linategemea sikio. Mwanafunzi wa Kizingitini, ambaye sikio lake limelelewa na lugha nyingine, atafaidika zaidi na kuhesabu. Achore mstari chini ya kila kitenzi chenye kiima chake, kisha atafute viungo, yaani maneno yanayounga vishazi. Viungo huwa pungufu ya vitenzi kwa kimoja: vitenzi viwili, kiungo kimoja; vitenzi vinne, viungo vitatu.

Chukua mfano wa safari ya Faza kupitia mlango wa bahari wa Mkanda, ambako kwa miaka mingi vyombo vilikuwa vikingoja maji yajae: “When we reached Mkanda the water was low, the captain stopped the engine, we waited.” Vitenzi ni “reached”, “was”, “stopped” na “waited”. Kiungo ni kimoja, “when”. Viwili havipo. Vikitiwa, sentensi inanyooka: “When we reached Mkanda the water was low, so the captain stopped the engine and we waited.”

Nukta ingeweza kutumika pia, na ndiyo njia salama kuliko zote. Lakini insha iliyokatwakatwa kila baada ya maneno matano huchosha, tena huficha sababu ya mambo. Nuktamkato hufaa pale kauli mbili zinapokaribiana sana kimaana, na itumiwe kwa uchache. “Because” na “so” ndizo zenye faida kubwa zaidi, maana humlazimisha mwandishi aamue kipi kilisababisha kipi.

Karatasi ya tatu ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, huchukua saa mbili na nusu, na ni insha tupu. Mtahiniwa atenge dakika kumi za mwisho, aanzie sentensi ya mwisho akipanda juu, moja baada ya nyingine, akihesabu vitenzi na viungo vyake.